Mazoezi, vishikio vya bafuni, woka au kengele ya shingoni: umchagulie nini mzazi anayeishi peke yake Marekani?

Mama ameanguka. Hakuvunjika, amevilia damu begani tu, lakini kundi la WhatsApp la familia limeshachemka. Aliye Texas anataka anunuliwe kengele ya kuvaa shingoni, ile ya kubonyeza kuita msaada, leo leo. Aliye Nairobi anauliza kwa nini mama hana fimbo. Anayeishi karibu naye, yule anayempeleka kliniki, anajua kuwa mwenyewe hataki hata kimoja: "Niliteleza tu, mwanangu. Msinifanye mgonjwa."

Ulinganisho huu ni wa familia kama hiyo. Mzazi anaishi katika makazi ya wazee wanaojitegemea, yale majengo ya wenye miaka 55 au 62 kwenda juu, kila mtu na mlango wake na jiko lake, ofisi iko chini, muuguzi hakuna. Wengi wetu tunaosema Kiswahili huku tunafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo majengo haya tunayajua kwa upande wa wafanyakazi. Siku hizi wazazi wetu wenyewe, waliokuja kwa grini kadi au kama wakimbizi kutoka Kongo, ndio wapangaji. Basi lieleweke mapema: kujitegemea ni kujitegemea kweli. Mahali pengi mtu wa mapokezi haruhusiwi hata kumnyanyua aliyeanguka. Anapiga 911, namba ya dharura, na kukaa naye mpaka wafike.

Na hilo la "niliteleza tu" lisikutulize. Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, zaidi ya mmoja kati ya kila watu wanne wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, chini ya nusu yao humwambia daktari, na aliyeanguka mara moja uwezekano wake wa kuanguka tena huongezeka maradufu.

Tutakavyopima

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Inamzuia mtu asianguke, au inapunguza madhara akishaanguka? Inagharimu nini, na nani analipa? Inahitaji ruhusa ya mwenye jengo? Inachukua muda gani kuleta tofauti? Na mzee ataikubali? Hilo la mwisho kwangu ndilo zito kuliko yote, maana nimeona vifaa vya bei kubwa vikitundikwa kwenye kitasa cha mlango, mwenyewe akatembea kwa kushika ukuta.

Kabla ya kununua chochote

Mambo mawili hayamo kwenye ushindani huu kwa sababu kila mzee anayahitaji.

La kwanza ni dawa. Zikusanye zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na alizoletewa kutoka nyumbani na zile za dukani zisizohitaji karatasi ya daktari, umpelekee mfamasia. Za kutazamwa kwanza ni za usingizi, za wasiwasi na za mfadhaiko, kisha za presha. Utafiti wa New Zealand wa 1999 ulionyesha kuwa wazee walioondolewa dawa za usingizi na za akili pole pole walipunguza kuanguka kwa takriban theluthi mbili, ingawa wengi walizirudia utafiti ulipokwisha. Usimwachishe mwenyewe, hiyo ni kazi ya daktari. Omba pia apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Ikishuka sana anaposimama, kile kizunguzungu cha alfajiri kimeshapata jibu.

La pili ni macho. Mwenye mtoto wa jicho asiahirishe upasuaji. Utafiti wa Uingereza wa 2005 kwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 70 ulikuta kuwa waliofanyiwa mapema jicho la kwanza walianguka kwa kiwango cha chini kwa theluthi moja hivi kuliko waliosubiri.

Halafu mpime nyumbani. Akae kwenye kiti, asimame, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari. Tazama pia namna anavyogeuka: anayegeuka kwa hatua ndogo ndogo nyingi huku akitafuta kitu cha kushika amekwambia mengi kuliko saa yako.

1. Mazoezi ya miguu na ya kusimama imara

*Inazuia?* Ndiyo, na ushahidi wake ni mwingi kuliko wa njia nyingine zote hapa. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalijumlisha majaribio 108 yenye watu zaidi ya 23,000, yakakuta mazoezi yanapunguza maanguko kwa asilimia 23. Lakini si mazoezi yoyote. Yanayofaa ni yale yanayoupa mwili kazi ya kujisawazisha na kuipa miguu nguvu. Kutembea peke yake, ambako ndiko wazee wetu wengi hukutegemea ("mimi natembea kila siku bwana"), hakujathibitika kuwa kinga.

Programu mbili zinafaa kutajwa kwa majina. Otago ilitengenezwa Dunedin, New Zealand, na hufanyiwa nyumbani: mtaalamu wa fiziotherapia anakuja mara chache, anamwachia mzee mazoezi ya kufanya mara tatu kwa wiki, nusu saa hivi kila mara. Kuinua mguu ukiwa na kifuko cha uzito kifundoni, kusimama kwa visigino, kusimama kwa vidole, kutembea kinyumenyume, kwenda upande upande kama kaa, kuinuka kitini bila kushika. Majaribio yake ya awali yalionyesha maanguko kupungua kwa asilimia 35. Ya pili ni tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya pole pole. Jaribio lililofanyika Oregon na kuchapishwa 2018, lenye watu 670 wa miaka 70 na zaidi, lilikuta kuwa waliofanya tai chi iliyorekebishwa kwa ajili ya wazee mara mbili kwa wiki walianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu.

*Gharama na ruhusa.* Majengo mengi yana darasa la bure chini, na baadhi ya mipango ya Medicare Advantage (Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ikiendeshwa na kampuni binafsi) hulipia madarasa. Medicare hulipia fiziotherapia daktari akiiandika. Ruhusa ya jengo haihitajiki.

*Muda.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Ni wiki na miezi, na akiacha, faida inayeyuka. Lile jaribio la Oregon lilikuwa la wiki 24. Mzee anayeanguka kila mwezi hawezi kuambiwa asubiri kiasi hicho bila msaada mwingine.

*Atakubali?* Inategemea darasa. Mama wa Kiislamu huenda asitake kuruka ruka mbele ya wanaume. Baba aliyekuwa mkuu wa shule hataki kuelekezwa na kijana wa miaka 23 kwa Kiingereza cha haraka. Wapo pia wanaoidhania tai chi kuwa ibada ya Kichina, na kubishana nao ni kupoteza wakati, mpe Otago. Inafanyika sebuleni, kwa Kiswahili, akiwa na dera lake, huku ameshika ukingo wa kaunta ya jikoni.

*Inamfaa* mtu ambaye bado anatembea mwenyewe, ana kumbukumbu nzuri, na ana mtu wa kumuuliza kila wiki, "Leo umefanya?"

2. Kuirekebisha nyumba, hasa bafu

*Inazuia?* Ndiyo, ila kwa walio hatarini. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2023, yalikuta kuwa kuondoa vikwazo vya nyumbani kunapunguza maanguko kwa asilimia 38 kwa wazee walio katika hatari kubwa, kama waliokwisha kuanguka au wanaohitaji msaada wa shughuli za kila siku. Kwa wazee waliochukuliwa tu bila kuangalia hatari, faida haikuonekana. Kwa hiyo usiigeuze nyumba ya mama mwenye miguu imara kuwa wodi.

Njia hii ndiyo inayohitaji jicho la mtu wa kwetu, maana orodha za ukaguzi za Marekani hazikuandikwa zikimfikiria mzee anayetia udhu mara tano kwa siku. Simama mlangoni pa bafu umtazame. Anakunja dera, anainua mguu wa kulia hadi kwenye sinki, anaosha, kisha wa kushoto, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye vigae vilivyokwishalowa. Mkono unaobaki unashika chuma cha kutundikia taulo. Chuma hicho kimefungwa kwa skrubu mbili fupi kwenye ukuta wa jipsam. Hakikutengenezwa kubeba mtu. Dawa yake ni rahisi: kiti cha kuogea chenye miguu ya mpira, shawa ya mkono yenye bomba refu, miguu ioshwe akiwa amekaa. Au kigoda cha plastiki na kopo, kama ilivyokuwa nyumbani. Na anayesali asali kwenye kiti ikiwa kuinuka kutoka sijida kunampa kizunguzungu. Hilo mwache imamu wake amwambie, wewe hatakusikia.

Mengine yaangalie kwa macho hayo hayo. Beseni la kuogea ambalo mtu lazima avuke ukuta wake kuingia. Kandambili zilizolika nyayo. Dera au kanga inayoburura chini. Mswala unaokunjika pembe juu ya zulia. Waya wa chaja ya simu kati ya kitanda na choo, njia anayoipita saa tisa usiku bila kuwasha taa kwa sababu umeme ni pesa. Vyungu na unga kwenye kabati la juu, na stuli ya kuvipandia.

*Gharama na ruhusa.* Taa ya usiku na mkeka wa mpira ni dola chache. Kishikio cha ukutani chenyewe si ghali, fundi ndiye gharama, kwa sababu lazima kifungwe kwenye nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta. Vile vya kubandika kwa mpira wa kufyonza usivitegemee kubeba uzito wa mtu. Medicare ya kawaida hailipii vishikio wala kiti cha kuogea. Kuhusu ruhusa, sheria ya shirikisho ya makazi inamtaka mwenye jengo akubali marekebisho yanayofaa kwa mpangaji mwenye ulemavu, na ugumu wa kutembea unaweza kuhesabiwa humo. Kwenye majengo ya kawaida mpangaji ndiye analipa; kwenye yanayopata fedha za serikali ya shirikisho, kwa kawaida gharama ni ya jengo. Andika barua, ambatanisha ya daktari, usiombe kwa mdomo tu.

*Muda.* Siku moja ya Jumamosi. Ni njia chache za kuzuia zinazofanya kazi haraka namna hii.

*Atakubali?* Vishikio, ndiyo, kwa sababu vikishawekwa havimdai chochote. Zulia lake alilokuja nalo, hapana. Msijaribu kumuondolea akiwa kliniki. Atalirudisha, na safari nyingine hatakufungulia mlango. Pendekezeni pamoja mahali pengine pa kulitandika.

*Inamfaa* aliyekwisha kuanguka ndani ya nyumba, na zaidi aliyeangukia bafuni au njiani kwenda choo.

3. Fimbo au woka (fremu ya kushika kwa mikono miwili unapotembea)

*Inazuia?* Kwa aliyepimwa na kufundishwa, inasaidia kubeba uzito na kumpa uthabiti. Lakini fimbo peke yake kama kinga haina ushahidi wa nguvu kama wa mazoezi, na kifaa kisichomfaa mtu ni hatari yenyewe: uchunguzi wa CDC uliochapishwa 2009 ulikadiria kuwa kila mwaka wazee wapatao 47,000 Marekani walitibiwa idara ya dharura kwa kuanguka kulikohusiana na fimbo au woka, na asilimia 87 ya hao walikuwa na woka. Ni kweli pia kwamba wanaotumia woka ni dhaifu tangu mwanzo, kwa hiyo takwimu hiyo isisomwe kama hukumu.

Makosa huwa yale yale. Woka ya kurithi kutoka kwa jirani aliyefariki, imewekwa kwa urefu wa jirani. Kipimo ni hiki: mzee asimame wima, mikono ining'inie, mshikio ufike kwenye kunyanzi la kifundo cha mkono. Fimbo ishikwe mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe kushoto. Anayeinuka kitini asukume kiti kwa mikono, asiivute woka. Ile yenye magurudumu manne na kiti, breki zifungwe kabla ya kukaa, kila mara.

*Gharama na ruhusa.* Daktari akiiandika, Medicare Sehemu B, ile inayolipia madaktari na vifaa, hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa baada ya kiwango cha mwaka ambacho mtu hulipa mwenyewe. Ruhusa haihitajiki.

*Muda.* Mara moja, ukiongeza mafunzo kidogo ya fiziotherapia ambayo watu wengi huyaruka.

*Atakubali?* Babu wa pwani ataikubali bakora bila neno, kwa kuwa bakora ni heshima. Tatizo ni kuwa bakora ya heshima mara nyingi ni ndefu mno, laini chini, haina mpira. Itieni mpira mpana na mumpimie urefu. Kwa wanaokaa Minnesota au Maine, kuna ncha ya chuma ya kung'ata barafu inayokunjwa akiingia ndani. Woka ni shauri jingine. Wengi wanaiona kama tangazo la uzee, na wataiacha nje ya mlango wageni wakija.

*Inamfaa* mwenye maumivu ya goti au nyonga, aliyepata kiharusi, mwenye ganzi ya miguu ya kisukari, au anayekwenda akishika samani.

4. Kengele ya shingoni

*Inazuia?* Hapana. Hili lisemwe wazi kwa sababu ndicho kitu watoto hununua kwanza. Kengele inafupisha muda wa kulala sakafuni, basi. Hilo nalo si dogo: kukaa chini kwa saa nyingi huleta kukaukiwa maji, vidonda, misuli kuharibika na baridi kali. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa 2008 uliwafuata watu wenye zaidi ya miaka 90 kwa mwaka mmoja; kati ya walioanguka, asilimia 80 walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na asilimia 30 walilala chini saa moja au zaidi. Wengi walikuwa na kengele na hawakuibonyeza.

*Gharama na ruhusa.* Ni ada ya kila mwezi, mara nyingi kati ya dola 25 na 50. Medicare ya kawaida hailipii. Baadhi ya majengo yameshaweka kamba ya kuvuta bafuni, bure. Ikague leo: mara nyingi utakuta mtu wa usafi ameifunga fundo juu ili isiguse sakafu. Aliyelala chini haifikii. Ifunguliwe ining'inie mpaka karibu na sakafu.

*Muda.* Siku ile ile, mradi ivaliwe, na ivaliwe bafuni na kitandani pia.

*Atakubali?* Ataivaa ukiwepo. Kuna pia suala la lugha ambalo matangazo hayaligusi: anayejibu upande wa pili anaongea Kiingereza, na mama mwenye maumivu hawezi kutafuta maneno. Uliza kama kampuni ina mkalimani wa Kiswahili, na uweke jina la mtoto anayekaa karibu kuwa wa kwanza kupigiwa. Zile zinazotambua zenyewe kuwa mtu ameanguka zinasaidia, ila hukosa maanguko ya taratibu, ya kuteleza kutoka kitini.

*Inamfaa* anayeishi peke yake na hawezi kuinuka sakafuni bila msaada. Mjaribu siku mko wawili: akae chini kwenye zulia, umwombe ainuke.

Kulingana na hali yako

Kama hajawahi kuanguka na anasimama vizuri, weka pesa na nguvu kwenye mazoezi. Nyumba, ondoa waya na uweke taa ya usiku, inatosha.

Kama ameanguka mara moja ndani ya mwaka na mahali panajulikana, anza na mahali hapo wikiendi hii, kisha Otago kuanzia wiki ijayo. Akiangukia nje kwenye barafu, bafu halina kosa. Tafuta viatu na ncha ya fimbo.

Kama anaanguka mara kwa mara, au anaanguka bila kujua kwa nini, acha kulinganisha vifaa. Huyo kwanza anahitaji kuonwa na daktari wa moyo na dawa zake kutazamwa, kisha woka ya kupimiwa wakati mnasubiri, na kengele juu yake. Na hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho ina wajibu wa kumpa mkalimani bila malipo, kwa hiyo mjukuu wa miaka kumi asitafsirishwe habari za nyonga ya bibi yake.

Kama ameanza kusahau, kengele ya kubonyeza haitakumbukwa na woka itaachwa jikoni. Vishikio, taa zinazowaka zenyewe akipita, na mtu wa kuingia asubuhi na jioni vina maana zaidi. Huenda pia makazi ya kujitegemea yameshapitwa na hali yake. Mlizungumze kabla ofisi ya jengo haijalizungumza.

Na kama ana grini kadi lakini hajatimiza miaka mitano nchini, na si yeye wala mwenzi wake wa ndoa aliyefanya kazi Marekani muda wa kutosha kumfungulia njia, Medicare bado haipo. Piga Eldercare Locator, namba ya serikali ya kuwatafutia wazee huduma, 1-800-677-1116, uulize ofisi ya huduma za wazee ya eneo lenu. Nyingi zina madarasa ya kuzuia kuanguka kwa bure au bei ndogo, na baadhi husaidia kupata vishikio na fundi wa kuvifunga.